Mita ya kupulizia kwa wenye pumu: zoni zake ni za maana sana, ila zile rangi za kiwandani usizikubali

Niseme mapema kabisa, hii mita ni kitu cha maana na natamani kila nyumba yenye mgonjwa wa pumu iwe nayo. Ila madukani ziko aina mbili na moja kati ya hizo inaweza kukudanganya vibaya sana, ndo maana naandika kwa urefu, maana nimetafuta mtu aliyeieleza kwa Kiswahili cha kueleweka sijampata.

Nazungumzia kile kimrija cha plastiki cha mkononi, hospitali wanakiita pikifloo, kina namba pembeni na kishale kidogo kinachosukumwa na pumzi yako. Hakina betri, hakina kioo, hakitaki bando. Unarudisha kishale chini kabisa, unasimama wima, unavuta pumzi mpaka kifua kijae, unabana midomo vizuri hewa isitokee pembeni, afu unapuliza mara moja tu kwa nguvu zote na kwa haraka. Kishale kinaruka kinasimama, unasoma. Unarudia mpaka upate tatu, unaandika ile kubwa kuliko zote, sio wastani. Namba ni lita kwa dakika, na hapa watu wanachanganya sana, mtu anaona 400 anadhani mapafu yake yana lita 400 wakati mapafu ya mtu mzima yakijaa kabisa yanabeba kama lita 6 tu. Kinachopimwa ni kasi, yaani hewa ilipotoka kwa kasi kuliko yote kwenye ule mpulizo mmoja. Na kasi ndo tunaitaka, kwa sababu pumu inabana njia za hewa na njia ikishabana hewa haitoki haraka hata ujikaze vipi.

Sio kitu kipya. Alieibuni ni Basil Martin Wright wa Uingereza, aliyefanya kazi kwenye kitengo cha utafiti wa magonjwa ya mapafu ya wachimba makaa ya mawe kule Wales, maelezo ya mita yake yalichapishwa 1959. Ile ya kwanza ilikuwa kubwa na nzito, ya kukaa hospitali, baadae miaka ya 1970 ikaja ndogo ya plastiki inayoitwa Mini-Wright na hizi nyingi tunazouziwa leo zimefuata umbo hilohilo. Na Shirika la Afya Duniani (WHO) wameiweka kwenye vifaa vya msingi vya zahanati kwenye mwongozo wao wa magonjwa yasiyoambukiza unaoitwa PEN, kwa hiyo msidhani ni kitu cha matajiri au cha hospitali kubwa tu.

Sasa zoni. Hapa ndo penye kazi yote ya hii mita, bila zoni unabaki na namba tu isiyokuambia kitu. Ziko tatu, zimechukuliwa kwenye taa za barabarani. Kijani ni asilimia 80 na kuendelea, hapo pumu imetulia unaendelea na dawa zako za kila siku. Njano ni kati ya 50 na 79, hapo njia zimeanza kubana, unafuata yale maelekezo ya njano ambayo daktari alikuandikia. Nyekundu ni chini ya 50, hiyo ni dharura, unavuta ile inhela ya kufungua kifua na safari ya hospitali inaanza, sio kesho asubuhi, ni sasa hivi. Kuna sehemu zinakata kijani kwenye 75 badala ya 80, hasa mipango ya Uingereza, hilo lisikutishe, fuata karatasi yako wewe aliyokuandikia daktari.

Swali ambalo karibu hakuna anayeuliza dukani ni asilimia 80 ya NINI? Jibu ni kwamba ni ya kipimo chako wewe bora kabisa, ile namba kubwa uliyoifikia siku ambazo pumu yako imetulia vizuri. Sio ya jirani, sio ya namba ya juu kabisa kwenye mita. Unaipataje, unapima asubuhi na jioni kwa wiki mbili hadi tatu wakati uko vizuri na dawa unatumia kama inavyotakiwa, unaandika kwenye daftari, ile kubwa kuliko zote ndo yako. Kutoka hapo unapiga hesabu.

Nitoe mfano wa nyumbani kwetu maana wenye pumu tuko wawili, mimi na mwanangu wa kiume wa miaka 10. Kipimo changu bora ni 420, kwa hiyo kijani yangu inaanzia 336 na nyekundu ni chini ya 210. Kipimo chake bora ni 240, kijani yake inaanzia 192 na nyekundu ni chini ya 120. Sasa angalieni hapo, mtoto akipuliza 200 yuko kijani anaenda shule anacheza mpira, mimi nikipuliza 200 hiyohiyo niko nyekundu natakiwa niwe njiani kwenda hospitali. Namba moja, nyumba moja, meza moja, maana mbili tofauti kabisa. Na mtu mrefu ambaye kawaida yake ni 600 akishuka mpaka 290 tayari kashaingia nyekundu wakati kwa mwanangu 290 ni namba ambayo hajawahi kuifikia.

Ndo maana nasema ziko aina mbili. Aina ya kwanza ina vishale vitatu vidogo vya rangi, au vibanio, vinavyosogezwa kwa mkono, unaviweka kwenye namba zako ulizopiga hesabu. Hiyo ndo ya kununua. Aina ya pili ina rangi zimechapishwa moja kwa moja kwenye plastiki kutoka kiwandani, nyekundu chini, njano katikati, kijani juu, hazisogei. Duka moja la vifaa tiba nililoingia waliniwekea hiyo mezani na yule kaka akanieleza kwa upole kabisa, "Dada, hii rahisi, mtoto akipuliza ikifika kijani yuko salama, isipofika mpe dawa." Nikamuuliza kijani hii wameipimia nani, akasema ni ya watu wote. Jamani hakuna kijani ya watu wote! Mtoto mzima kabisa asiye na tatizo atapuliza kila siku iangukie nyekundu mzazi anampa dawa bure na hofu juu, halafu mtu mzima mrefu mwenye pumu kali atapuliza iangukie kijani akiwa ameshapoteza nusu ya pumzi yake na atarudi kulala. Hilo la pili ndo linaniumiza zaidi, kwa sababu huyo mtu alikuwa na kifaa mkononi na kifaa kikamwambia lala salama.

Kama tayari unayo hiyo ya rangi za kudumu usiitupe, namba zake bado zinasomeka. Bandika utepe mweupe wa hospitali juu ya zile rangi, afu chora mistari yako kwa kalamu ya maka kwenye namba zako. Inafanya kazi vizuri tu.

Kabla sijaendelea na ubora wa kifaa, kuna mkanganyiko nimeukuta kwa wagonjwa wenzangu kliniki na nadhani unatokana na hili neno zoni lenyewe kutumika kila mahali hospitalini. Mama mmoja alikuwa na majibu ya eksirei ya kifua yameandikwa kuna kitu zoni ya chini kushoto, akawa anatetemeka anajua ameambiwa yuko zoni mbaya, nyekundu. Hapana. Wataalamu wa eksirei wanagawa picha ya pafu sehemu tatu, juu, kati na chini, ili kuelekeza tu kitu kiko wapi, haisemi hali yako ni mbaya kiasi gani. Maabara nako wana zoni yao, wakiotesha vijidudu kwenye sahani wanaweka vidonge vidogo vya karatasi vyenye antibayotiki, pale ambapo vijidudu vimeshindwa kuota panabaki duara tupu, hilo duara ndo zoni na linapimwa kwa milimita kujua dawa ipi inafanya kazi. Haina uhusiano na mita yako kabisa.

Ila iko moja yenye uhusiano na ni nzuri kuijua. Mapafu yenyewe yanagawanywa zoni mbili kwa kazi. Ya kwanza ni ya kupitisha hewa, kuanzia kwenye koo kubwa la hewa kushuka kwenye mirija inayogawanyika na kugawanyika, humo hewa inapita tu, hakuna oksijeni inayoingia kwenye damu, na kwa mtu mzima kama mililita 150 za kila pumzi zinaishia humo bila kufanya kazi. Ya pili ni ile ya ndani kabisa kwenye vifuko vya hewa, huko ndo oksijeni inaingia damuni. Pumu inabana mirija ya kupitisha hewa, na mita inapima kasi kwenye mirija hiyohiyo hasa ile mikubwa, ndo maana inaikamata. Lakini nimonia inakaa kwenye vifuko huko ndani, kwa hiyo mtoto ana homa, anapumua harakaharaka, usije ukampulizisha ukaona kijani ukasema hana kitu. Hapo mita haina la kukuambia, mpeleke.

Turudi kwenye kifaa. Plastiki ni imara, ya mwanangu imeshadondoka kwenye sakafu ya simenti mara nyingi na inasoma vilevile, tunalinganisha na ya kliniki kila tukienda. Kishale kinasogea laini. Mdomo wake unatoka unaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ila ni lazima ukauke kabisa kabla ya kupuliza tena maana maji yakibaki ndani kishale kinakwama na namba inashuka unashtuka bure. Wakati wa kupuliza angalia vidole visizibe matundu ya nyuma wala visiguse kishale, watoto wanapenda kushika hapohapo. Ulimi nao usiingie kwenye tundu, na mtoto asiteme kama anatema mate, kile kitendo cha kutema kinarusha kishale juu kwa uongo na utafurahia 300 ambayo haipo.

Tofauti ya lita 10 au hata 20 kati ya mpulizo na mpulizo msiisumbukie, mita za mkononi zenyewe viwango vinaruhusu zikosee kama asilimia 10. Cha kuangalia ni mwelekeo. Ndo maana kila mtu awe na mita yake na asibadilishe badilishe, na ukinunua mpya tafuta tena kipimo chako bora kwa hiyo mpya. Hili lina historia pia, Uingereza mwaka 2004 walibadilisha skeli yote, yaani mpangilio wa namba kwenye mita, kwenda ile ya Ulaya inayoandikwa EN 13826 kwa sababu skeli ya zamani ya Wright ilikuwa inasoma juu kuliko ukweli hasa katikati, wagonjwa ikabidi wapimwe upya. Kwa hiyo ukiletewa mita kuukuu na ndugu kutoka nje angalia pembeni imeandikwa skeli gani, usichanganye namba za daftari la zamani na za sasa.

Kwa mtoto ulizia ile ya skeli ndogo inayoishia kwenye 400 hivi, ya watu wazima inaenda mpaka 800 na kwa mtoto kishale kinacheza chini kabisa mistari imebanana husomi vizuri. Chini ya miaka 5 msijisumbue kununua, mtoto hawezi kupuliza inavyotakiwa, namba zake zitakuchanganya tu.

Kinachoniudhi ni karatasi ya maelekezo. Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa, Kichina, maandishi madogo, Kiswahili hakuna. Na kwenye ile karatasi zoni zimeelezwa mistari miwili mwishoni wakati ndo kitu cha kuokoa maisha, kurasa nzima wameongelea namna ya kuosha. Wauzaji wa vifaa hivi wangechapisha hata karatasi moja tu ya Kiswahili yenye sehemu tatu tupu za kujaza namba zako wangesaidia watu wengi mno. WHO wanasema mwaka 2019 pumu iliwagusa watu milioni 262 duniani na kuua 455,000, na vifo vingi viko kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini kama yetu, ambako dawa na maelezo havifiki. Maelezo ya zoni hayahitaji bajeti.

Kwa matumizi ya kila siku, mimi naishi Iringa na Juni na Julai baridi ya huku wenye vifua wanaijua. Msimu wa baridi uliopita mwanangu alikuwa anacheza kama kawaida, hakohoi mchana, hajalalamika, ila asubuhi mita ikaanza kusema 210, afu 200, afu 185. Ukipiga hesabu 185 kwa 240 ni asilimia 77, njano hiyo, na mimi kwa macho nilikuwa naona mtoto mzima. Tukafuata mstari wa njano kwenye karatasi ya daktari, tukapiga simu kliniki, baada ya siku kadhaa akapanda taratibu akarudi juu ya 192. Hakulazwa, hakuwekwa mashine ya mvuke. Kushuka kwa namba kunaweza kutangulia dalili, na hicho ndo unachonunua hasa ukinunua hii mita, muda. Pumzi ya alfajiri kawaida iko chini kuliko ya mchana hata kwa mtu mzima wa afya, ila kwa mwenye pumu isiyotulia pengo kati ya asubuhi na jioni linakuwa kubwa, kwa hiyo daftari likionyesha asubuhi 180 jioni 235 kila siku mpelekee daktari alione, atajua dawa ya kila siku haitoshi au haivutwi vizuri.

Na daktari akiona hilo daftari maongezi yanabadilika kabisa. Badala ya "mtoto anabanwa banwa tu daktari" unamwonyesha mstari. Kwetu ndo lilisababisha tukazungumza vizuri kuhusu inhela ya kila siku ya kupunguza uvimbe ndani ya mirija, maana watu wengi wanaishi na ile ya bluu ya salbutamoli peke yake. Ya bluu inafungua tu, uvimbe unabaki palepale. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unaoitwa GINA haupendekezi tena watu wazima na vijana kuanzia miaka 12 kutibiwa pumu kwa ya bluu peke yake bila dawa ya kuvuta ya steroidi, ndo hiyo ya kupunguza uvimbe. Wengi mnaosoma hapa mna ya bluu tu mfukoni, nawaomba muulize.

Mipaka yake ipo na lazima isemwe. Mita inategemea juhudi ya anayepuliza, ukipuliza kivivu unapata njano ya uongo. Haichukui nafasi ya kile kipimo kikubwa cha mapafu cha hospitali kinachoitwa spirometri. Na dalili zinashinda namba siku zote, ukijisikia vibaya, unaamka usiku kwa kikohozi, kifua kinapiga mluzi, na mita inasema kijani, wewe fuata kifua chako. Mtu ambaye hawezi kumaliza sentensi bila kukata pumzi, au midomo imebadilika rangi, au mtoto anavuta mbavu ndani akipumua, huyo hapulizishwi mita kabisa, huyo anapewa dawa ya kufungua na anakimbizwa hospitali.

Dawa yenyewe ipitishwe kwenye spesa, kile kichupa kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Kama huna hela ya spesa ya dukani, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa chini ikabana vizuri na mdomo wa inhela inafanya kazi, watafiti wa Cape Town waliipima kwa watoto wenye pumu wakachapisha 1999 na ilifanya vizuri kama za kununua. Muuguzi wa kliniki yoyote ya pumu atakuonyesha namna ya kutoboa.

Bei zinatofautiana sana duka na duka kwa mita ileile, uliza sehemu mbili tatu na usikubali kuambiwa ya umeme ndo bora, ile ya kishale inatosha. Maduka ya dawa ya mtaani mengi hawana, nenda maduka ya vifaa tiba karibu na hospitali za mkoa au za rufaa. Ukifika sema unataka yenye vishale vya rangi vinavyosogea, fungua boksi uvisogeze kwa kidole mbele yao, angalia skeli imeandikwa EN 13826 au ISO 23747, na kwa mtoto hakikisha ni skeli ndogo. Mimi naipa nyota nne kwa tano, ile moja nimeikata kwa sababu ya karatasi ya maelekezo. Ile ya rangi za kudumu sijaipa hata moja na ningependa itoke kwenye mashelfu. Mkikwama kwenye hesabu ya zoni zenu niandikieni kipimo chenu bora hapo chini nitawapigia hiyo hesabu, ila mistari ya dawa ajaze daktari.